Miguu ya mbele ya Corolla ya zamani: kipi kibadilishwe, na bolti ikazwe lini

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 2003, aina ambayo wengi huiita kwa namba ya chasisi yake, NZE, na ambayo bado imejaa katika barabara za Dar es Salaam. Injini yake ya lita 1.5 haina tatizo, gia zinaingia vizuri, na bodi imevumilia hewa ya chumvi ya pwani kuliko nilivyotarajia. Kilichochoka ni miguu, yaani springi, shokapu na vyuma vinavyoshika matairi. Naishi upande wa Kimara, ambako ukiacha Barabara ya Morogoro na kuingia mitaa ya ndani unakutana na makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika, mawe yaliyojitokeza juu ya udongo, na matuta ambayo kila mtaa umejijengea kwa vipimo vyake. Gari dogo lililoundwa kwa ajili ya lami ya Japani hupita humo kila siku, kwa hiyo sikushangaa lilipoanza kugonga mbele upande wa kushoto, kisha kuyumba kidogo kila nilipokanyaga breki kwa nguvu, na hatimaye kula tairi kwa upande wa ndani.

Fundi wa kwanza aliyelipima alizunguka nalo mtaa mmoja, akashuka, akasema, "Mkubwa, hizo shokapu zimekufa. Leta nne mpya tumalize kazi." Ushauri huo ni wa kawaida, na mara nyingine huwa sahihi, lakini shokapu hulaumiwa kwa makosa mengi yasiyo yake. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu ni silinda yenye mafuta na pistoni iliyotobolewa vitundu vidogo. Springi inapobanwa na kuachia, mafuta hulazimika kupenya katika vitundu hivyo, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Shokapu nyingi za sasa huongezewa gesi ya naitrojeni ili mafuta yasitoe povu yanapochapwa kwa muda mrefu kwenye barabara mbovu. Ikifa, gari huendelea kunesa baada ya kuvuka tuta, pua huinama mno unapofunga breki, na tairi huliwa kwa mabondebonde kwa sababu linadunda badala ya kushika barabara. Mlio mkavu wa chuma kwa chuma kwenye mashimo madogo ni habari nyingine, na gari linaloyumba wakati wa breki ni habari nyingine tena.

Kinachochanganya mambo katika magari ya aina hii ni kwamba shokapu ya mbele ina kazi zaidi ya moja. Mpangilio huu ulibuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, Ford ya Uingereza ikautumia katika Consul na Zephyr zilizoonyeshwa mwaka 1950, na Corolla imekuwa nao mbele tangu ile ya kwanza ya mwaka 1966. Shokapu na springi huunganishwa kuwa nguzo moja. Chini nguzo hufungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba beringi ya tairi, na juu hushikwa na maunti yenye raba na beringi ndogo, ambayo hukaa chini ya boneti. Ukikata kona, nguzo nzima huzunguka pamoja na tairi. Huku chini, mkono wa chuma ambao mafundi huuita amu hushika tairi lisiende mbele wala nyuma. Upande wa chasisi amu hiyo hushikwa na bushi mbili, yaani mipira iliyofungwa ndani ya pete za chuma, na upande wa tairi huishia kwenye bol jointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka. Vipande ni vichache na gharama ni nafuu, ndiyo maana kampuni nyingi ziliufuata mpangilio huu, lakini uchache huo una maana kwamba kipande kimoja kikilegea, ulegevu wake husikika mahali pengine kabisa. Beringi ya maunti iliyokwama juu, kwa mfano, utaihisi mikononi kama usukani mzito usiotaka kurudi katikati baada ya kona.

Kwa sababu hiyo nilikataa kununua chochote kabla ya gari kuchunguzwa kipande kwa kipande, na nikatafuta fundi aliyekuwa tayari kulipwa kwa uchunguzi peke yake. Si kila fundi atakubali, kwani wengi wamezoea kwamba kuangalia ni bure na fedha inapatikana kwenye kufunga. Nadhani utaratibu huo ndio unaowafanya wakimbilie kutaja spea, na mteja anayekataa kulipia uchunguzi asishangae kuambiwa abadilishe kila kitu.

Tulianza na linki za stebilaiza, kwa sababu ndizo mtuhumiwa wa kwanza wa mlio mdogo mkavu. Linki ni kijifimbo chenye vichwa viwili vya mviringo vinavyozunguka, kinachounganisha nguzo ya shokapu na ule mkongojo wa chuma unaozuia gari kulala kwenye kona. Njia rahisi ya kuipima ni kuzifungua zote mbili, kuzifunga pembeni zisigonge kitu, na kuendesha gari polepole kwenye mashimo yale yale: mlio ukitoweka, umempata. Gari litalala zaidi kwenye kona, basi usilipeleke barabara kuu likiwa katika hali hiyo. Kwangu mlio ulipungua sana ila haukwisha, jambo ambalo lilimaanisha kwamba linki zimekufa na zina mwenzao.

Baada ya hapo gari lilipandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, matairi ya mbele yakining'inia. Ukishika tairi juu na chini na kulitikisa, mchezo wowote, yaani ulegevu, unatoka kwenye beringi ya tairi, kwenye bol jointi, au mara chache kwenye nguzo yenyewe. Kuna ujanja mzuri wa kutofautisha: mtu mwingine akanyage breki wakati wewe unatikisa. Breki huifunga diski na kuifanya kitu kimoja na chuma kinachobeba beringi, hivyo mchezo ukipotea tatizo ni beringi, na ukibaki tazama bol jointi. Kisha pitisha mtaimbo chini ya tairi, uliinue taratibu, huku mwenzako akiweka kidole pale bol jointi inapokutana na chuma cha tairi. Huko hata milimita moja husikika. Ukishika tairi kushoto na kulia badala ya juu na chini, unapima tairodi, fimbo za usukani zinazogeuza matairi, za nje na za ndani, zile za ndani ambazo mafundi huziita reki endi. Bol jointi ya kushoto ilikuwa na mchezo, raba yake imepasuka na grisi imegeuka kuwa matope meusi yenye mchanga. Hiki ndicho kipande kimoja katika orodha nzima ambacho sipendekezi kukivumilia hata kwa wiki, kwa sababu kikichomoka tairi hukunjika nje na gari halina usukani tena.

Bushi za amu zilihitaji mtaimbo pia. Ile ya nyuma, ambayo ni kubwa zaidi na ina nafasi wazi ndani ya mpira, ilikuwa imepasuka upande mmoja kiasi kwamba ukisukuma amu kwa mtaimbo tairi lote lilirudi nyuma. Hapo ndipo ule uyumbaji wa breki ulipojieleza. Ukifunga breki, barabara hulivuta tairi kurudi nyuma, na kazi ya bushi hiyo ni kulizuia. Ikishindwa kwa upande mmoja, tairi hilo hubadili mwelekeo wake kidogo, nalo gari hufuata. Ulaji wa tairi kwa ndani ulikuwa na mzizi uo huo, na ndiyo maana alaimenti (upangaji wa mwelekeo wa matairi) niliyokuwa nimefanyiwa miezi michache kabla haikudumu. Mashine ya alaimenti hupima gari lililosimama; haioni kile ambacho bushi iliyopasuka hufanya gari likiwa mwendoni.

Mwisho tulitazama nguzo. Shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta kuanzia katikati hadi chini, si ule unyevu mwembamba uliokamata vumbi ambao ni wa kawaida kwenye shokapu yenye umri, bali mafuta ya kuchuruzika. Ya kulia ilikuwa kavu. Nilimwomba fundi aweke mkono kwenye koili ya springi wakati nikizungusha usukani gari likiwa chini, na springi ilikuwa ikijikaza kisha kuruka ghafla, dalili ya maunti ambayo beringi yake haizunguki vizuri. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi kwa shokapu moja kati ya nne, na kama ningemsikiliza ningetumia fedha nyingi na kubaki na bol jointi inayoweza kuchomoka.

Kuhusu spea, msimamo wangu ni mkali kidogo. Gerezani na Kariakoo utapata kila kitu cha gari hili, kipya na kilichotumika, na vile vilivyotumika kutoka Japani vina sifa nzuri ambayo kwa vipande vya bodi, taa na hata injini vinaistahili. Kwa vipande vya miguu siafiki. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na shokapu ya gari lililokatwa Japani ina umri ule ule wa shokapu uliyoitoa, tofauti ikiwa tu barabara ilizopitia. Magari yaliyotoka mikoa yenye theluji huwa pia yamepita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo huacha kutu chini ya gari ambayo utaijua siku utakapotaka kufungua bolti. Nilinunua shokapu mpya za mbele za Kayaba, bol jointi zenye chapa ya 555, na bushi, linki na maunti mpya. Chapa zinazopendwa huigwa sana, hivyo kasha zuri si ushahidi: nilitazama maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, ulaini wa raba, na kama kichwa cha bol jointi kinazunguka kwa uzito ulio sawa kila upande au kinalegea kama kilichokwisha kutumika.

Shokapu, maunti na bushi hununuliwa kwa jozi. Shokapu ya kulia ilikuwa bado hai, lakini ukifunga mpya upande mmoja na kuacha ya zamani upande wa pili, matairi mawili yatashika barabara kwa nguvu tofauti, na tofauti hiyo hujitokeza pale pabaya, kwenye breki ya ghafla au kona yenye maji. Nilinunua pia raba za kuzuia mshindo, zile zinazokaa kwenye fimbo ya shokapu, pamoja na vifuniko vyake vya vumbi. Mafundi wengi huzipuuza kwa kuwa ni vitu vidogo, na nyingi hukutwa zimegeuka unga. Bila raba hiyo, shokapu mpya hugonga chuma kwa chuma kila gari linapotumbukia shimoni, na vumbi la mitaa yetu hukwaruza fimbo hadi sili ianze kuvuja.

Nilishawishiwa pia kuweka spesa, kipande cha kuongeza kimo, juu ya nguzo ili gari linyanyuke. Najua kwa nini watu hufanya hivyo, maana nami hukwangua sehemu ya chini kwenye matuta, lakini kulinyanyua gari kwa njia hiyo kunaziacha amu, linki na eksili za mbele zikifanya kazi kwenye pembe ambazo hazikukusudiwa. Nilikataa.

Kazi yenyewe ilianza kwa kumwagia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu jioni iliyotangulia. Nguzo hutoka kwa kufungua linki, kishikio cha mpira wa breki, bolti mbili kubwa za chini na nati tatu za juu chini ya boneti. Kabla ya kulegeza bolti mbili za chini ni vizuri kuweka alama ya mahali zilipokaa, kwa sababu uwazi mdogo uliopo kwenye matundu yake hubadilisha mlalo wa tairi. Zikishatoka, chuma cha tairi kifungwe kwa waya kisianguke na kuvuta mpira wa breki. Nati moja ya katikati, ile iliyo kwenye ncha ya fimbo ya shokapu, haiguswi kabisa mpaka springi iwe imebanwa kwa vibano vyake maalumu pande mbili. Nimewahi kuona gereji ambako vijana wawili huikanyaga springi huku wa tatu akifungua nati, na sina neno la upole kwa jambo hilo: springi hiyo hubeba robo ya gari, na ikiachia inaweza kuua. Kama gereji haina vibano vya springi, peleka nguzo kwenye gereji iliyo navyo.

Bol jointi ilitoka kwa pula, kifaa cha kuichomolea, baada ya kutoa pini na nati yake yenye meno. Kama pula haipo, hugongwa ubavu wa jicho la chuma ambalo ncha yake imeingia, kamwe si ncha yenyewe, kwa sababu ncha iliyopondwa haitapita tena. Wakati wa kufunga mpya, nati hukazwa hadi kiwango chake, na kama tundu la pini halijalingana na meno, unaongeza kukaza kidogo hadi lilingane. Hailegezwi kurudi nyuma kutafuta tundu.

Amu zilipelekwa kwa mtu wa presi, mashine ya kusukumia bushi kutoka na kuingia. Huko nilisimama karibu, kwa sababu kuna mambo mawili yanayoharibiwa kwa haraka. La kwanza ni mwelekeo: bushi ile ya nyuma ina nafasi wazi ndani ya mpira wake, na nafasi hizo lazima zielekee upande ule ule zilizoelekea za zamani, maana ndizo zinazoamua bushi iwe laini upande gani na ngumu upande gani. Tulichora mstari kwa chaki ya mafuta kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani. La pili ni mahali pa kusukumia: presi isukume pete ya nje ya chuma, si mpira wala bomba la katikati. Kuna wanaotoa bushi kuukuu kwa moto; inatoka, ila moshi wake ni sumu na joto hilo si zuri kwa chuma cha amu. Nilikataa pia bushi za kuchonga kutokana na tairi la lori. Ni imara, lakini hazikuunganishwa na chuma chake, hivyo badala ya kujisokota husuguana, na baada ya muda hutoboa hata mahali zilipokaa.

Hapo kwenye kujisokota ndipo ilipo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. Bushi ya kiwandani imegandishwa kwa mpira kati ya bomba la ndani na pete ya nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hushikamana na chasisi na halizunguki tena. Amu inapopanda na kushuka, ni mpira unaojisokota kidogo kisha kurudi. Sasa fikiria bolti hiyo imekazwa gari likiwa juu ya stendi na matairi yakining'inia, kama inavyofanyika katika gereji nyingi. Mpira unajua hali hiyo ya kuning'inia kuwa ndiyo mapumziko yake. Ukilishusha gari, bushi husokotwa papo hapo na kubaki imesokotwa mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa, na kila tuta huongeza juu ya msokoto uliokwishakuwepo. Bushi kama hiyo hupasuka mapema mno, na mwenye gari huambiwa kwamba spea za siku hizi ni feki.

Utaratibu sahihi, ambao pia ndio ulio katika vitabu vya matengenezo vya Toyota, ni kuzishikiza bolti za bushi kwa mkono tu gari likiwa juu, kulishusha likae kwa matairi yake, kulinesanesa mara kadhaa ili kila kitu kijipange, kisha kukaza kwa spana ya kupimia nguvu likiwa limebeba uzito wake. Kwenye gereji yenye shimo hii ni kazi ya dakika chache. Pasipo shimo, jeki ya pili huwekwa chini ya ncha ya amu na kuinuliwa mpaka gari likaribie kuachana na stendi, ambapo amu huwa karibu sawa na inapokuwa barabarani. Fundi wangu alikubali baada ya mjadala mfupi, akisema kwamba kwa miaka yote amekuwa akikaza zikiwa juu na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Linki za stebilaiza hazina sharti hili, kwa kuwa vichwa vyake huzunguka vyenyewe. Nati za matairi nilizikaza mwenyewe kwa mpangilio wa kukingamana hadi nyutoni mita 103.

Alaimenti ilifanyika baada ya kuendesha kwa siku chache, si siku ile ile, ili springi na bushi mpya zikae. Kwenye gari hili kinachorekebishwa kwa kawaida ni mwelekeo wa matairi kwenda ndani au nje kwa kupitia tairodi. Mlalo wake una nafasi ndogo tu kwenye zile bolti mbili za nguzo, na alama tulizoweka zilisaidia, kwani vipimo vilitoka karibu sana na vinavyotakiwa. Hakikisha usukani umewekwa katikati na kufungwa kabla mashine haijaanza kusomwa.

Uyumbaji wa breki umekwisha na mlio wa mbele haupo. Kwa kuwa mbele sasa kumetulia, nasikia vizuri zaidi bushi mbili za eksili ya nyuma, ambazo zina nyufa za juujuu ingawa mtaimbo haukuonyesha mchezo wowote. Hizo zinahitaji eksili nzima kushushwa, pamoja na kufunguliwa kwa mabomba ya breki ambayo kwa umri wake huenda yasifunguke bila kuvunjika, kwa hiyo nimenunua mabomba mapya kwanza na nitasubiri masika yapite.